Nicheze vipi tenisi na watu ninaowazidi?

Swali la msomaji wa Dar es Salaam: "Kocha, shikamoo. Nina umri wa miaka 34 na nimecheza tenisi tangu nilipokuwa sekondari. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana watu wanane. Wengi wao wamenizidi umri, lakini uwanjani nawazidi mimi, isipokuwa mmoja tu. Mzee wetu wa miaka 66, ambaye ndiye aliyelianzisha kundi, huwa namshinda 6–1, 6–2. Yupo pia dada tunayefanya naye kazi ambaye ana miaka miwili tu tangu ashike raketi. Nikicheza kwa nguvu zangu zote mchezo unakosa ladha. Nikilegeza, najikuta nakosea mipira rahisi, na naona kiwango changu kinashuka. Jumamosi iliyopita nilimwachia Mzee seti ya pili kwa makusudi, akashinda 7–5. Nadhani aligundua, kwa sababu hakubaki kunywa chai na sisi kama ilivyo kawaida yake. Je, nihame kundi? Na kama nitabaki, nicheze vipi?"

Jibu:

Marahaba. Umeyafunga mambo mawili katika fundo moja, na ni vyema tuyafungue moja baada ya jingine. La kwanza ni la ufundi, yaani kwa nini mipira rahisi inakushinda. La pili ni la watu. Nitaanza na la ufundi, kwa sababu wachezaji wa kiwango chako kwa kawaida hawaamini kwamba wana tatizo lolote upande huo.

Mpira unaokuja kwa kasi hukukopesha kasi yake. Ukiuwekea raketi imara na kuisukuma mbele kidogo tu, sehemu ya mwendo ule inarudi nao ng'ambo ya wavu, na ndiyo maana mtu anayechezeshwa na mpigaji wa nguvu hujiona yuko katika siku yake nzuri. Mpira wa Mzee haukukopeshi kitu. Unafika umekwisha pumzi, unadunda chini, na kasi yote unayotaka kuutia lazima itoke mwilini mwako. Hapo wengi hufanya kosa lile lile: wanaipeleka raketi nyuma mbali kuliko kawaida, wanauwahi mpira kabla haujafika, kisha wanaukuta kwenye ukingo wa raketi au wanaupeleka uzioni.

Ongeza hapo suala la vipimo. Uwanja una urefu wa mita 23.77 kutoka mstari wa nyuma hadi mstari wa nyuma. Ukiwa nyuma kabisa una nafasi hiyo yote ya kuudondoshea mpira wako, lakini mpira mfupi wa Mzee unakuvuta hadi karibu na mstari wa sevu (sevu ni pigo la kuanzishia pointi), na kutoka hapo hadi mstari wa nyuma wa upande wa pili zimebaki mita 18.29 tu. Umepoteza mita tano na nusu, na bado unapiga kwa mkono ule ule uliozoea uwanja mzima. Tena mpira wenyewe uko chini ya kimo cha wavu, ambao katikati una sentimita 91, kwa hiyo lazima uupandishe kwanza ndipo ushuke. Kuupandisha na kuushusha ndani ya nafasi iliyopungua ni kazi ya ustadi, wala si mpira rahisi hata kidogo. Sisi tunauita rahisi kwa sababu tu unakuja polepole. Dawa yake ni kufupisha mwendo wa kuipeleka raketi nyuma, kupinda magoti hadi uone mpira ukiwa usawa wa kiuno, na kuupiga kwa kuusugua kuelekea juu ili uzunguke kwenda mbele na kushuka wenyewe.

Kisha kuna miguu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Unapocheza na yule mmoja anayekuzidi, hofu inakufanyia kazi: kabla hajaupiga mpira umekwisha ruka kile kiruko kidogo cha kujiweka tayari, visigino vimeinuka, macho yamekaza. Unapocheza na Mzee unasimama kama mtu anayesubiri daladala. Mpira unafika, unanyoosha mkono badala ya kusogea, unakosea, halafu unalalamika kwamba kiwango kinashuka kwa sababu ya wapinzani dhaifu. Kinachoweza kudhoofika kweli kwa kukosa wapinzani wakali ni jambo moja, nalo ni wepesi wa kuitikia mpira wa kasi. Hilo linatibika kwa kipindi kimoja cha katikati ya wiki na mpigaji wa nguvu, au hata na ukuta. Mengine yote, yaani miguu, mipira mifupi, sevu, na subira, yanaweza kukua siku hiyo hiyo ya Jumamosi ukiamua kuyakuza.

Namna ya kuyakuza ni kujiwekea sharti kabla ya seti kuanza na kulitii mpaka mwisho, huku ukitafuta ushindi kwa dhati ndani ya sharti hilo. Sharti ninalolipenda kuliko yote ni la sevu moja: kati ya sevu mbili unazoruhusiwa, unajinyima ya kwanza ya nguvu na kuanza kila pointi kwa ile ya pili, na ukikosea umepoteza pointi. Wachezaji wa Jumamosi wana sevu ya kwanza ya kuogopesha na sevu ya pili ya kusikitisha, kwa sababu hawajawahi kuilazimisha ibebe uzito wowote. Seti kumi za namna hiyo dhidi ya Mzee zitakufaa kuliko miezi ya kupiga sevu peke yako na kikapu cha mipira. Sharti jingine ni kwenda wavuni kila anapokuletea mpira mfupi, hata pale ambapo ungeshinda kwa kubaki nyuma. Ukiwa na bekihendi dhaifu (pigo la upande usio wa mkono unaoshika raketi), ipe kazi: kila mpira unaokuja katikati uzunguke ili uupige kwa upande huo. Siku nyingine jizuie usimalize pointi kabla mpira haujavuka wavu mara sita, jambo linalomnufaisha hata mpinzani, kwa kuwa naye anapata mipira ya kupiga. Sharti hili usilitangaze na usilifanye liwe la dhihaka. Kumchezea mtu kwa mkono wa kushoto wakati wewe ni wa kulia ni tusi, hata kama unacheka.

Utaniuliza: kuna tofauti gani kati ya sharti la siri na kumwachia seti kwa siri, kama ulivyofanya? Tofauti ni kubwa. Mwenye sharti bado anapigania kila mpira, na jasho lake ni la kweli. Mwenye kuachia ameacha kucheza, anaigiza. Na mtu aliyecheza tenisi kwa miaka thelathini anautambua uigizaji huo katika gemu mbili tu. Anaona umechelewa kwenye mpira ambao juzi uliufikia ukitembea. Anaona umeupiga wavuni ule ule uliokuwa ukimmaliza nao. Nilipokuwa kijana niliwahi kumfanyia hivyo mzee mmoja aliyekuwa akinilipa nimfundishe. Alisimama katikati ya gemu, akanikabidhi mipira miwili aliyokuwa nayo mfukoni, akasema, "Ukitaka kunipa zawadi, nipe mkononi." Nilitamani ardhi inimeze, lakini neno lile ndilo lililonifundisha ninachokueleza leo: kama kuna kitu cha kumpa mpinzani, kitolewe hadharani, kabla ya mpira wa kwanza, na kikishatolewa ucheze kama kawaida.

Kutoa hadharani maana yake ni handikapu, neno ambalo wacheza gofu wote wanalifahamu na ambalo wacheza tenisi wameliacha lipotee. Si jambo jipya hata kidogo. Tenisi ya nyasi ilipoanza kuenea Uingereza, baada ya Meja Walter Wingfield kuipatia hataza mwaka 1874 na Wimbledon kufanya mashindano yake ya kwanza mwaka 1877, kupeana pointi za kuanzia lilikuwa jambo la kawaida kabisa: mwenye uwezo mdogo alianza gemu akiwa na 15 au 30, yaani pointi moja au mbili (pointi za gemu huhesabiwa 15, 30, 40), huku mwenzake akiwa na sifuri. Palikuwa pia na ngazi za kati, kwa mfano kupokea 15 katika gemu moja na 30 katika inayofuata, kisha 15 tena, na kuendelea hivyo. Hadi leo Wafaransa wanazitaja ngazi za wachezaji wao kwa namba kama 30/2 au 15/4, na hayo ni masalia ya mfumo ule.

Sasa tuiangalie hali yako kwa hesabu, kwa sababu itakushangaza. Katika 6–1, 6–2, yaani seti mbili za gemu sita kwa moja na sita kwa mbili, umeshinda gemu 12 kati ya 15, ambazo ni gemu 80 katika kila 100. Ukirudi nyuma kutoka gemu hadi pointi, na tukichukulia kwamba uwezekano wako wa kushinda pointi haubadilikibadiliki, unakuta kwamba ili mtu ashinde gemu 80 katika 100 inamtosha kushinda pointi 63 tu katika 100. Maana yake Mzee anakunyang'anya zaidi ya pointi moja katika kila tatu. Hajazidiwa kama ubao unavyosema. Ni namna ya kuhesabu ya tenisi inayoikuza tofauti, kwa sababu pointi zinafungwa ndani ya gemu, gemu ndani ya seti, na yule aliyepoteza gemu baada ya kufika 40 haondoki na chochote. Anayeshinda pointi 60 katika 100 hupata karibu gemu 74 katika 100, na seti moja moja hushinda zaidi ya tisa katika kila kumi.

Kwa kuwa tofauti halisi ni ndogo, dawa nayo ni ndogo. Mpe Mzee 15 katika kila gemu, na wewe wa pointi 63 bado utashinda gemu kama 65 katika 100. Mpe 30 katika kila gemu, na utashuka hadi gemu 43, yaani yeye ndiye atakayekuwa juu. Mpe 15 na 30 kwa kupokezana, kama walivyofanya wale wa zamani, na utabaki na gemu kama 54 katika 100. Hapo pana mchezo. Utaanza gemu moja ukiwa nyuma kwa 15, inayofuata ukiwa nyuma kwa 30, na kila pointi itakuwa na uzito kwa sababu kosa moja la uvivu linakutia shimoni. Umelalamika kwamba ukicheza kwa nguvu zote mchezo unakosa ladha; cheza hivi, uone kama utapata nafasi ya kulegeza. Na kwa dada mwenye miaka miwili uwanjani, 30 katika kila gemu pamoja na sharti lako la sevu moja ni mwanzo mzuri, kisha mpunguzie kadiri anavyokua. Handikapu isiyobadilika huzeeka haraka: anayeshinda seti tatu mfululizo ashushiwe ngazi moja, anayefungwa tatu apandishiwe.

Ugumu wa kweli, katika mazingira yetu, ni nani atamwambia Mzee. Kijana wa miaka 34 hawezi kumwendea mtu wa rika la baba yake, tena aliyelianzisha kundi, akamwambia "leo nakupa thelathini." Hata ukianza na "samahani," limekwisha kukaa vibaya. Kwa hiyo usilipeleke kwake kama jambo lake. Lipeleke kama jambo la kundi zima, na ulipeleke kwake yeye kwanza kwa sababu ni mkubwa wenu: mwombe aone kama inafaa wote wanane wapangwe kwenye karatasi moja, kila mmoja akiwa na kiasi anachotoa na anachopokea. Umesema yupo mmoja anayekuzidi. Vizuri sana; wewe uwe wa kwanza kuandikwa kama mpokeaji. Mtu anapokuona unapokea 15 kutoka kwa mwingine bila kununa, kupokea kwake kutoka kwako hakuna aibu tena. Na Mzee ndiye apange hizo ngazi, si wewe. Naamini atazipanga vizuri, kwa sababu amekuwa akiwatazama nyote kwa miaka.

Akikataa kupokea, heshimu. Wapo wazee wanaotaka kushindwa 6–1 na mchezaji mzuri kuliko kushinda kwa msaada, na hawana kosa. Kwa mtu huyo cheza tenisi yako yote, chini ya masharti yako ya siri, ila kuna mambo mawili ya kujizuia. Usimkimbize mbele kwa mpira wa kudondosha jirani na wavu kisha ukamrudisha nyuma kwa mpira wa juu wa kumvuka, pointi baada ya pointi, saa nne asubuhi katika jua na unyevu wa Dar es Salaam. Mara moja ni ujanja, mara tano ni kutafuta msiba. Na usipige mpira wa nguvu kuuelekeza mwilini mwa mtu aliye karibu na wavu ambaye hana wepesi wa kujikinga, kwa sababu jicho halina handikapu. Mengine yote yanaruhusiwa. Tena mtazame vizuri: mtu wa miaka 66 anayekunyang'anya pointi 37 katika 100 bila kasi wala miguu anajua kitu. Yamkini ni mpira wa kukata unaobaki chini, yamkini ni kuusoma uso wako kabla hujapiga. Ningekuwa wewe ningejiuliza ananipatia wapi hizo 37.

Mnapocheza wawili wawili mambo ni mepesi zaidi. Gaweni pande ili kila mwenye nguvu awe na asiye na nguvu, na handikapu mara nyingi haihitajiki. Kosa linaloharibu mchezo huo hufanywa na mwenzi kuliko mpinzani: yule mwenye uwezo anayekatiza mbele ya mwenzake kuchukua kila mpira, mpaka dada wa watu anabaki amesimama pembeni kama mwamuzi wa mstari. Mipira iliyo yake mwachie, na ile ya katikati itangaze mapema kwa sauti. Mkiwa pande tofauti, mpigie yeye sevu yako ya pili kwa uzito wa kawaida na umchezee sehemu yake ya mipira. Kumkwepa kabisa kunamwambia hayupo uwanjani, na kumlenga yeye peke yake kila pointi ni ubahili wa roho katika mchezo ambao zawadi yake ni chai na sambusa.

Kuna adabu nyingine ndogo ambazo ni wajibu zaidi kwa anayezidi kuliko kwa anayezidiwa. Dakika tano za kupasha mwili ni zake kama zilivyo zako, kwa hiyo mpe mipira anayoweza kuipiga, usimalize pointi. Mpira ambao hukuuona wazi kwamba umetoka, uhesabu umeingia. Ndiyo kanuni ya kuchezeana bila refa, na mwenye gemu tano mbele hana sababu ya kubishania upana wa kidole. Usimfundishe asiyekuomba. Epuka pia ile "umejitahidi" ya kupigwa begani, na akikushinda kwa handikapu mpongeze bila kuitaja handikapu. Tuna msemo wetu wa viwanjani kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, nao kwa kawaida tunamtupia anayezidiwa. Mimi nimeona wengi zaidi wakiupata mtihani wake baada ya kushindwa na mtu waliyezoea kumshinda.

Kuhusu kuhama kundi, sioni sababu. Anayecheza na wanaomzidi tu husahau namna ya kumaliza seti aliyokwisha kuitawala, kwa sababu hapati nafasi ya kuitawala. Anayecheza na anaowazidi tu hupoteza ule wepesi niliousema. Tafuta mtu mkali kwa siku moja ya katikati ya wiki, mshindane na yule mmoja wa kundi lenu kila mnapoweza, na Jumamosi ibaki Jumamosi.

Limebaki jambo la seti ile ya 7–5. Usiende kumwomba Mzee radhi mbele ya watu, wala usimtumie ujumbe wa simu wenye maelezo marefu. Jumamosi hii fika mapema kuliko wengine, umwombe mpashe mwili pamoja, na mkiwa mnaokota mipira umwambie kwa ufupi kwamba wiki iliyopita hukumchezea ipasavyo na kwamba halitarudiwa. Huenda akajifanya hajui unachozungumzia. Mwachie hapo, usimlazimishe akiri kwamba aliona. Kisha mchezee seti ya kweli, na mkimaliza, ukiwa umeshinda au umeshindwa, ndipo umweleze habari ya ile karatasi ya ngazi na kumwuliza ataanzaje kuipanga.